Nilivyomfisha Baba Kabla ya Jumapili

Sitaomba radhi kwa kusomea shahada ya sanaa za maonyesho. Kwa lililotokea kwetu Mwanda wiki jana, labda kidogo.

Baba alikuwa amenipa hadi Jumapili niamue: nihamie ualimu, au nisirudi chuoni. "Mghoi, kuigiza ni kazi gani?" Alipoteremka kwenda mjini Voi, nilitoka nyuma ya nyumba kufanya mazoezi ya mchezo wetu. Ndani yake, mimi ndiye binti aliyefiwa na babake.

Nikalia, "Baba, umeniacha na nani!" Punde nikamwona jirani yetu, Mama Wakesho, kwenye ua, mikono kichwani, machozi yakimtiririka. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilifurahi kupata mtazamaji, nikapandisha sauti. Wakaja wengine. Nikajigaragaza kwenye mahindi. Hata wanawake walipotua mizigo ya kuni, kama kawaida yetu penye msiba, nilidhani wamepitia tu wakitoka shambani.

Kisha bodaboda ikasimama, Baba akashuka mbio. "Nani amekufa?"

Kilio kikakatika. Mama Wakesho akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Baba Mghoi, si tunakulilia wewe?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa bado chini, karatasi za mchezo mkononi, udongo puani.

"Baba," nikasema bila kuinuka, "mtu anayeliza kijiji kizima hivi, kweli ahamie ualimu?"