Rangi Juu ya Palipobonyea

Shemeji yangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi, na gereji nzima inamwita Msasa. Jina linamfaa. Ukimwuliza swali jepesi anakukwaruza kwanza, ndipo anakujibu. Mimi nauza simu na gemu katika duka la mtaa wa pili, na nimeshakwaruzwa vya kutosha.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya gemu za zamani zinazotolewa upya, picha zimesafishwa na sauti zimesafishwa. Wateja huniuliza kama zinafaa kununuliwa. Msasa hakuwa na haja ya kuuliza.

"Shemeji, hiyo ni kazi yangu mimi," aliniambia, vumbi la puti limemjaa kwenye nyusi. "Gari limegongwa, unajaza puti palipobonyea, unapiga msasa, unapaka rangi, linang'aa. Mnunuzi anachekelea. Kumbe chini pamebonyea vilevile. Nyinyi mnawauzia watu mbuzi kwenye gunia."

Hilo la mbuzi lilinichoma, maana asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeuza gemu ya namna hiyo na kuisifia kweli kweli.

Yeye na dada yangu walikuwa na gemu moja tu, ya mpira, waliyoinunua walipooana. Kila jioni wakishakula waliacha vyombo mezani, wakakaa kwenye kochi, kila mtu na padi yake ya kuchezea mkononi. Anayefungwa ndiye anayeosha. Dada aliosha mara nyingi zaidi, kwa sababu Msasa alikuwa na wizi wake. Ile gemu ina kasoro: ukifika na mpira karibu na kibendera cha kona ya kulia ukapiga, kipa anasimama kama amesahau kilichomleta, na mpira unaingia. Dada aliijua sana kasoro hiyo. Kumzuia mumewe asifike kona ndiyo ilikuwa raha yenyewe, na akishindwa alimtukana mpaka majirani wakacheka.

Jioni moja nilikuwepo. Dada aliuchukua mpira, akakimbia nao uwanja mzima, akafunga. Akaruka kutoka kwenye kochi, mikono juu. Alikuwa amejifunga mwenyewe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, ila Msasa alinyamaza kabla yangu. Alikuwa anamtazama mkewe, na mkewe alikuwa bado anashangilia.

"Mama," alisema taratibu, "mpira unauona?"

Dada akakaa. "Nasikia mashabiki," akasema. "Kelele zikipanda najua niko karibu na goli."

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Dada ana kibanda cha dobi, na kazi ya pasi mikono yake inaijua, kwa hiyo aliendelea nayo. Kilichoharibika ni zile jioni. Msasa alianza kumhurumia. Haendi tena kona. Anapoteza mipira hovyo, anafungwa, anaosha vyombo huku anapiga mluzi, na anadhani dada hajashtuka.

Dada alivumilia siku chache tu. Kisha akaiweka padi yake katikati ya sahani chafu.

"Macho ndiyo mabovu, akili bado ninayo," akamwambia. "Kama huwezi kunifunga, usicheze na mimi."

Gemu haikuwashwa tena. Nikipita jioni niliwakuta kimya, mmoja huku, mwingine kule, na ukimya wa nyumba ile iliyozoea makelele ulinitia uchungu kuliko hata habari ya macho.

Toleo jipya la gemu yao lilipoingia dukani, nililijaribu kwanza. Nyasi zilipendeza, sawa. Lakini kwenye mipangilio nilikuta kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho: unaweza kuufanya mpira uwe mkubwa na wa njano, timu moja iwe nyeupe tupu na nyingine nyeusi, uwanja wote uwe kijivu. Nikaenda gereji mbio.

"Rangi tu hiyo," akasema Msasa, hata mashine ya kupigia msasa hajaizima.

"Ndiyo, rangi tu. Na anayeihitaji ni mkeo."

Akaizima.

Alinunua siku hiyohiyo, pamoja na mashine ya kuichezea kwa sababu ile yao ya zamani isingeisoma, na hakuomba apunguziwe. Dada alikubali kukaa kwenye kochi, lakini kwa shingo upande. Nikampangia rangi. Akausogeza uso karibu na kioo cha runinga.

"Nauona," akasema.

Wakaanza. Dada alikaba vizuri. Msasa alicheza kwa woga, anapiga pasi fupi fupi za nyuma, na nilijua huruma inamvuta huku, lile neno la mkewe linamvuta kule. Mechi ilikuwa inakaribia kwisha bila kwa bila alipoupata mpira upande wa kulia. Akasita kidogo, kisha akakimbia nao kuelekea kibendera.

"Wee! Unakwenda wapi?" dada akapiga kelele, anamrushia beki. "Nakuona, mwizi wewe!"

Msasa akapiga. Kipa mpya, mwenye jasho usoni na nywele zinazopepea, akasimama kama amesahau kilichomleta.

"Wamepaka juu yake!" Msasa alikuwa amesimama. "Shemeji, pamebonyea vilevile! Hawakunyoosha! Kazi mbovu kabisa hii!" Alikuwa anafuta machozi kwa kiganja chenye rangi ya gari la mtu.

Dada alimwita mwizi, mtoto wa mwizi, mkwe wa wezi, akasahau kwamba wakwe wa Msasa ni sisi. Kisha akakusanya sahani, akaenda jikoni na kuanza kuziosha kwa kuzigonganisha makusudi, ili tusikie alivyokasirika. Msasa alimfuata kwenda kumsaidia, akafukuzwa.