Walimnyima Baba Maji kwa Sababu ya Simu ya Upepo

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mtu mzima, nimevuka themanini, mzaliwa wa Tabora mjini. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia, na nimemkataza kulia kabla sijamaliza. Namuuguza mama yangu mzazi anayekaribia miaka mia, na swali lake moja linaninyima raha.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa karani wa simu stesheni. Vita ilipokuja akapelekwa Mombasa, akawa afisa wa simu ya upepo kwenye meli za mizigo. Siku hizi mnaita redio. Alikaa kwenye chumba kidogo, vidude masikioni, akipokea na kutuma habari kwa kugonga. Kugonga kufupi na kurefu, kila herufi na mlio wake. Meli yao ilipopigwa ikaanza kuzama, wenzake walikimbilia mashua, yeye akabaki anaita msaada mpaka maji yakamfika magotini. Alirudi nyumbani mzima, ila mtu wa maneno machache. Mimi, mwanawe wa pekee, alinifundisha herufi zile kwa kugonga meza tukisubiri chai. Mama akipita na birika, baba anagonga BIBIE, jina alilomwita, nami nacheka. Mama hakujua tunacheka nini, alikuwa anasonya tu.

Balaa lilikuwa lile jina la kazi. Watu wa Tabora bahari wanaisikia tu. "Simu ya upepo" ilipozunguka vibarazani ikawa "simu ya pepo", na tangu hapo kila mtu akajua kwamba baba alilipwa na Wazungu azungumze na mashetani ya baharini. Baba alikuwa anacheka. Angejua, asingecheka.

Asubuhi moja alianguka uani. Upande mmoja ukapooza, ulimi ukafa. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, akaanza kugonga ubao wa kitanda. Baba mkubwa, kaka yake, akatamka mbele ya watu: "Upepo aliokuwa anazungumza nao ndio uliompiga. Na bado anayaita mashetani yake, si mnasikia?" Akaletwa mganga kutoka Usinge. Huyo akasema mashetani ya bahari hupandia maji, kwa hiyo mgonjwa asipewe hata tone mpaka yatoke, na mkono ule ufungwe. Mama ndiye aliyeufunga, kwa kanga yake mwenyewe.

Kabla haujafungwa, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nasoma anachogonga. BIBIE MAJI. BIBIE MAJI. Nikapiga kelele, "Mama, baba anakuita! Anataka maji!" Mama akanizaba kofi. "Nyamaza! Yatakuhamia na wewe!" Nikafungiwa chumba cha pili. Walifunga mkono, wakasahau mguu. Nilimsikia akigonga kwa kisigino, polepole, akikosea herufi, yeye ambaye hakuwahi kukosea. Kisha akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele kwamba yametoka.

Mama hakuolewa tena. Maisha yake yote amewasimulia watu jinsi alivyomwokoa mumewe, akafa msafi. Nimemsikiliza harusini, nimemsikiliza misibani. Nampenda. Pia namchukia, acheni niseme.

Sasa amelala kwangu, mwili umekwisha, akili timamu kuliko yangu. Kila asubuhi nikimnywesha uji ananishika mkono. "Mwanangu, siku ile ulisema kitu, nikakupiga. Ulisema nini? Baba yako alikuwa anamwita nani?" Namwambia nimesahau. Ananijibu, "Hujasahau wewe. Niambie, nisiende na kiza."

Mjukuu anataka nimdanganye, nimwambie baba alikuwa anatoa shahada. Uongo mzuri huo, na mama atakufa akitabasamu. Lakini baba alimaliza nguvu zake za mwisho kutuma ujumbe mmoja, na aliyetumiwa hajaupata mpaka leo. Tena kuna kipande kibaya cha moyo wangu kinachotaka aupate ili naye aumie, walau siku moja, kabla hajafa.

Nyie wenye mioyo safi, nipeni akili. Kesho uji ukiiva ataniuliza tena. Nimwambie alikuwa anamwita yeye, au nimwache aende akijua alimwokoa?