Hina Kwenye Kompyuta

Wiki iliyopita wasichana wa kidato cha sita, katika shule moja hapa Malindi, walifanya mtihani wa kompyuta mbele yetu sisi wazazi. Kompyuta yenyewe ni moja tu, imefunikwa leso kama bibi harusi, na atakayekosa zamu yake amelikosa somo.

Msichana mmoja alikuja na hina hadi kucha, kwani dada yake alikuwa ameolewa siku mbili kabla. Mwalimu mkuu, mtu wa bara, akamzuia mlangoni.

"Rangi hiyo itachafua mashine. Rudi bwenini."

Msichana akaanza kulia. Shangazi yake akainuka.

"Mwalimu, hebu nipe kitambaa chako cha mfukoni."

Akakilowesha maji, akausugua nacho mkono wa binti kwa nguvu, akamrudishia mwalimu. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Hina ikishashika haitoki, baba. Ingekuwa yatoka kwa kugusa, sisi twahangaika nayo ya nini?"

Tukacheka. Mwalimu akakigeuza kitambaa huku na huku, kisha akampisha mtoto.

Vidole vyekundu vikagonga, mashine ikajivuta, naye akaingoja. Majina ya darasa zima, aliyoyaingiza ovyo, yakajipanga kwenye kioo kwa alfabeti, hakuna lililokosea. Shangazi akapiga kigelegele, nasi tukamwitikia.

Mimi niliishia darasa la nne, na kompyuta siijui hata inakula nini. Lakini msichana anayeweza kuketi mchana kutwa bila kugusa kitu, akingoja hina ikauke, hashindwi na uvivu wa mashine. Wizara ikikosa walimu wa somo hilo, ije iwatafute harusini.