Kifungo Kisichofanana na Vingine

Sakoshi zangu zote, mikoba ya gunia ninayoshona, zina vifungo vinne mdomoni, vitatu vya mti na kimoja chekundu. Watu wa mjini Mbarara ninakoziuza wanadhani nimekosea. Wengine hata wananionea huruma: "Pole mama, kifungo kilipotea?" Hakikupotea kitu. Sakoshi ya kwanza niliyoshona hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, ndiyo, vifungo havikutimia, nikachomoa kimoja chekundu kwenye koti la marehemu mume wangu. Lakini nilipofika ya pili vifungo vya mti vilikuwa vingi, na bado nikatafuta chekundu kimoja, kwa sababu nilikuwa nimeona jicho la mtu linakwenda pale moja kwa moja kabla ya kuona gunia, kabla ya kuona kitenge cha ndani. Hilo nililibuni mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Mteja akiniambia nisawazishe, namwambia aende sokoni akanunue mfuko wa nailoni, huo umesawazishwa vizuri sana.

Nimemtaja marehemu, basi nimalize. Alifia kwetu Kivu ya Kusini kabla hatujavuka, na mtoto hatukujaliwa. Nilikuja na dada yangu. Tulilima pamoja, tukapika pamoja, mpaka karatasi zake za kwenda ng'ambo zikakubaliwa na zangu zikabaki kusubiri. Baada yake wakaondoka majirani wa kulia, kisha wa kushoto. Mtu akipata safari hapa kambini tunamwombea, tunaimba, halafu anagawa vyombo. Nimeachiwa sufuria nyingi kuliko chakula cha kupika humo. Waliokuja kukaa katika nyumba zile ni watu wazuri, ila wana lugha yao na mambo yao, tunapungiana mikono tu.

Kanisani nasalimiwa, siwezi kusema uongo. Lakini salamu ni salamu. Nilikuwa nashinda na mashini yangu ya kushona mchana mzima, na siku moja nikajikuta naiambia "samahani" kwa sababu uzi umekatika. Upweke uliniuma. Sina neno lingine la kuupamba.

Mtu mmoja ndiye aliyeupunguza, naye alikuwa mke wa askari. Alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na nilipopita pale na sakoshi zangu mara ya kwanza hakuuliza bei. Aliuliza, "Wewe kwisha kula?" Nikasema hapana. Akanivutia benchi. Tangu siku ile akawa anazitundika sakoshi zangu mbele ya kibanda, na kila nikienda Mbarara nilikula kwake, hata kama nilikuwa nimeshiba.

Yeye hakuwa Munyankore, mwenyeji wa pale, alitoka mbali kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, kifupi, kama mtu anayehesabu maneno. Changu kilikuwa cha Kivu. Tulichekana sana. Nikisema "nipe fasi nikae," yaani nafasi, yeye anasikia haraka, anajibu, "Fasti ya nini? Nani nakufukuza?" Nilimwita afande, ingawa cheo kilikuwa cha mumewe. Yeye aliniita fundi. Wateja wakiuliza juu ya kifungo chekundu, sikuhitaji kufungua mdomo, alikuwa anawajibu mwenyewe: "Hiyo ndiyo jina ya fundi. Kama hutaki, wacha."

Halafu siku moja nikamkuta anafunga nguo katika magunia. Mumewe alikuwa amehamishiwa kaskazini na familia inakwenda naye. Alinieleza huku mikono inaendelea na kazi. Mimi nilikaa kwenye benchi langu nikamshikia mdomo wa gunia.

"Sasa mimi nataka ya kwangu," akasema. "Nauzia watu, mimi mwenyewe sina."

Nilifurahi. Nikamuuliza kitenge gani kiwe ndani, akachagua cha njano. Nikampima mkanda begani, maana ni mrefu kuliko wanawake ninaowashonea. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kitu. Sakoshi yake nitaiwekea vifungo vyekundu viwili, ijulikane kuwa siyo ya duka, ni ya mtu na rafiki yake. Lakini nikaona heri nimuulize kwanza. Nikashika sakoshi iliyotundikwa, nikaweka kidole juu ya kile chekundu.

"Na hiki? Tufanye namna gani?"

Akatazama, akatabasamu. "Hiyo tosha," akasema, akageuka kumhudumia mwanamke aliyetaka sweta.

Kwetu, tosha ni ondoa. Tosha viatu mlangoni. Tosha sufuria kwa moto. Sikuuliza tena, nikairudisha sakoshi mahali pake. Watu wote wa Mbarara wangeweza kukikataa kifungo changu, nimezoea, lakini yeye? Kumbe siku zote alikuwa ananitetea kwa ajili ya biashara tu, na sasa ya kwake anaitaka safi. Nilirudi Nakivale na hasira, nikaishona na hasira, vifungo vinne vya mti vyote sawa, na nilishona vizuri sana, maana nikikasirika mkono wangu hautetemeki.

Nilipompelekea sikukaa. Aliuliza, "Kwisha kula?" nikasema nimeshiba, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Aliipokea sakoshi kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya vifungo, kimoja kimoja. Akaifungua, akaangalia ndani, akapapasa mpaka kwenye kona za kitenge, akaifunga.

"Asante, fundi," akasema.

Nikamtakia safari njema na nikaenda zangu. Wahenga walisema hasira hasara, nami nilikuwa naisikia tangu utoto bila kujua bei yake.

Nilirudi mjini baada ya wao kuhama. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na nikaingia katika kioski cha chai kwa sababu sasa Mbarara sikuwa na benchi la kukaa. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anawekewa sukari. Mama mwenye kioski akaweka kijiko, akaweka kingine, mzee akainua kiganja.

"Tosha."

Kijiko kikasimama. Hakuna aliyeondoa sukari kikombeni. Mzee akakoroga, akanywa.

Nikamuuliza yule mama, "Tosha ni nini?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama niko mzima. "Tosha ni tosha. Haitaki ingine."

Msinicheke. "Yatosha" ya kanisani naijua, nimeiimba tangu utoto. Lakini neno likija peke yake namna ile, bila neno la mbele wala la nyuma, masikio yangu yalilisikia kama pale nyumbani. Niliiacha chai mezani, nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta na kumpigia simu.

Alipokea. Nikamweleza yote, kiganja cha mzee, sukari, viatu vya mlangoni kwetu. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, machozi yakanitoka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi nilitafuta hiyo nyekundu," akasema. "Mpaka ndani nilitafuta. Nikasema, fundi amenikasirikia. Mimi nakwenda, yeye natoa jina yake."

"Sakoshi iko wapi?"

"Niliachia jirani. Lori ilijaa, na hiyo... haikuwa ya wewe. Ilikuwa ya duka."

Nikamwambia nitamshonea nyingine, hata kesho naanza, na vifungo vyekundu vitakuwa viwili.

"Sawa, fundi. Lakini huku basi hapana fika. Utapatia nani alete?"

Nikawapitia moyoni watu wote ninaowajua, mmoja mmoja, na haikuchukua muda, hakukuwa na wa kumtuma. Simu ilikuwa inakwaruza kwa upepo wa huko kwao.

"Fundi," akasema. "Wewe iko?"

"Niko," nikasema.