Joho la Malkia wa Uajemi kwa Bibi Harusi wa Kibosho

Leokadia Massawe wa Kibosho alizoea kuingia katika karakana ile ya ushonaji huko China, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kuchagua nguo za watoto za kupeleka Moshi, kubishana bei na kuondoka. Aprili 1998 alivuta kiti akakaa. Alitoa kwenye mkoba ukurasa wa gazeti la zamani, akaukunjua mbele ya mwenye karakana, mama mfupi ambaye wateja wote humwita laoban, yaani bosi.

Pichani alikuwa malkia wa Uajemi siku ya kutawazwa kwake mwaka 1967, akionekana kwa ubavu: gauni jeupe, na juu yake joho la mahameli ya kijani lililodariziwa kwa dhahabu, mkia wake mrefu umeshikwa na wasichana. Mkunjo wa karatasi ulipita wima katikati ya mkia huo.

Mama yake Leokadia, fundi cherehani, alipewa gazeti hilo na sista wa misheni, akaubandika ukurasa ukutani. Maharusi waliokuja kupimwa waliuonyesha kwa kidole, kisha wakashonewa walichomudu. Leokadia alikua akiyapiga pasi magauni yao. Lake mwenyewe halikushonwa. Yeye na mumewe Thadeo walianza maisha bila kanisa. Mahari ilitolewa, watoto wakaja, na kila Jumapili wenzao walipopanga foleni ya komunyo, wao walibaki kwenye benchi.

Sasa padri alikuwa amekubali kubariki ndoa yao mwezi Juni. Kwao, mama anayebariki ndoa huvaa suti ya rangi ya maziwa na kofia, hupigwa picha, kisha watu huenda kula. Gauni la kuburuta ni la wasichana. Leokadia alikuwa amenunua suti ya namna hiyo, endapo ujasiri ungemwishia. Lakini alichokitaka ni joho, na alichokiogopa ni kuchekwa na watoto wake. Hakuwa amewaambia.

"Gauni sawa," alisema Agripina, mfanyabiashara wa Arusha waliyepanga naye chumba. "Ila huo mkia, dada, utafagia kanisa zima. Masista watakulipa?"

"Watanilipa kwa sala."

"Na nani atakubebea? Wenzako wana vitoto vya maua. Vya kwako vina ndevu."

"Careen wangu hana ndevu."

"Mpe muda."

Karakana hiyo ilisifika kwa kunakili. Ukiipelekea shati lenye kifungo kilicholegea, ulirudishiwa mzigo mzima wa mashati yenye vifungo vilivyolegea. Leokadia alilijua hilo, na sampuli zake alizikagua mshono kwa mshono kabla ya kuziacha. Safari hii sampuli ilikuwa picha, na picha hiyo alikuwa ameizoea kama sura ya ndugu. Mkunjo hakuuona tena.

Aliuona kwenye joho, siku alipokuja kulichukua. Mahameli ilikuwa nzito, kijani kile kile alichokitaka, darizi imetulia. Lakini mshono mnene ulikatiza mkia kutoka ukingo hadi ukingo. Laoban aliweka kidole kwenye karatasi, kisha kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kazi ilikuwa sawasawa na picha.

Kufumua kungeacha matundu, na ndege ya Leokadia ilikuwa iondoke kesho yake.

"Mungu amekuchorea pa kukatia," Agripina alisema. "Chukua mkasi. Joho likuishie miguuni, ubariki ndoa yako kwa amani."

Leokadia aliomba mkasi. Aliushika kitambo, akaurudisha mezani, akavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha simu. Careen, bintiye, alipokea katika duka la dawa analofanyia kazi mjini Moshi.

"Joho lenye mkia, mama?"

"Lenye mkia."

Kikaja kicheko, kirefu. Leokadia alisubiri kiishe, kipokezi kimebanwa sikioni.

"Na ulikuwa unatuficha," Careen alisema alipopata pumzi. "Basi mimi nashika kulia, kaka Calvin ashike kushoto. Nitamwambia mwenyewe. Akikataa namwita Baba."

"Hamtaona haya?"

"Haya ya nini? Mama wa nani mwingine ana joho? Niambie tu tutashika wapi, lisije likatuponyoka mbele ya padri."

"Kuna mshono," Leokadia alisema. "Mtashika hapo."

Aliporudi karakanani alimwonyesha laoban kwa mkono kwamba hakuna cha kurekebisha. Jioni ile, chumbani kwao, joho liligoma kuingia kwenye begi mpaka suti ya rangi ya maziwa ilipotolewa. Agripina aliiokota, akaipima kifuani mbele ya kioo.

"Niachie mimi," alisema. "Na mimi ndoa yangu padri anaisubiri."