Bwana Mchuzi na Mkono wa Cherehani

Mume wangu Zamoyoni alikuwa fundi cherehani hapa Shinyanga mjini, na ufundi aliujua, simnyimi haki yake. Lakini Mungu alimpa na mdomo, na mdomo ule ndio ulionizeesha mie. Kwao ni Uzaramo. Alisoma shule ya serikali, kisha akaja bara kumpikia mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu huko Geita. Mzungu yule alichimba weee, akaambulia homa, akarudi kwao. Siku ya kuagana alimwachia mpishi wake cherehani ya mkono na kitabu kimoja cha Kiingereza. Cherehani ilitulisha. Kitabu, hee, kitabu kilinijazia watu barazani.

Kilikuwa kitabu cha mpelelezi. Jina lake la kizungu halitamkiki, sisi tukamwita Bwana Mchuzi, maana kila nyumba alimouawa mtu yeye akiingia huuliza kwanza, "Jana mlipika nini?" Kisha hukaa mezani akala, huku anawatazama wenzake wanavyokula. Anasema mwenye jambo zito moyoni chakula hakimpiti kooni. Zamoyoni alikuwa akisoma ukurasa kwa Kiingereza, anautoa kwa Kiswahili, na mkono wa kulia unazungusha cherehani vilevile. Ukimkatiza anashona mfuko mahali pa kola.

Kila alasiri baraza lilijaa, na nilivyowatazama, hakuna wawili waliokuja kwa sababu moja. Askari Mageni alikuja kwa ajili ya pingu. Kila aliyetajwa kitabuni alitaka akamatwe, hata farasi. Paskazia, mjane wa misheni aliyekuwa akiuza vitumbua jirani yetu, wala hakujali nani kaua. Yeye alisubiri pale wote wanapokalishwa sebuleni na siri zao kumwagwa, nani anampenda nani, nani kamficha nani. "Kumbe na wazungu nyumba zao ndivyo zilivyo!" husema, na uso umemng'aa kwa raha. Mie nilikuwa napita tu na ufagio. Haya, nilikuwa napita polepole. Nilipenda kwamba kwa Bwana Mchuzi maneno yana mwisho, maana mtaani kwetu jambo likishaanza kusemwa linasemwa mpaka kwa wajukuu, na ukweli wake huupati.

Na alikuwepo Nkwabi, Msukuma wa Kharumwa, aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani. Jitu kubwa, kicheko chake unakisikia ukiwa sokoni. Alimpenda Bwana Mchuzi kama mchungaji mwenzake. "Huyu anafuata nyayo," alisema. "Ng'ombe akipotea hupigi kelele, unatazama." Aliyoyasikia kwetu akirudi kwao alimsimulia baba yake, mzee Maige, kipofu aliyekuwa hatoki kitandani. Nkwabi na Zamoyoni walikuwa watani, Msukuma na Mzaramo, kwa hiyo matusi ndiyo yalikuwa salamu yao.

"Babu yako," Zamoyoni humwambia, "alibeba mizigo mpaka kwetu pwani, akaona bahari, akainama akanywa!"

"Akatapika," anajibu Nkwabi, "ndipo akazaliwa babu yako."

Basi ikaja Ramadhani ya mwaka thelathini na sita. Tumefunga, koo zimekauka, na huyu bwana kitabuni haishi kula! Hadithi ilikuwa ya tajiri aliyekutwa amekufa kwenye banda la farasi, na wanaoshukiwa ni mkewe, mpwa wake na daktari. Bwana Mchuzi ameshawakalisha wote, amekohoa, anataka kumtaja muuaji. Zamoyoni akafunga kitabu.

"Idd imekaribia," akasema. "Nguo za watoto wa mji mzima ziko hapa. Tutamaliza baada ya Idd."

Lahaula! Mageni alimwita mhalifu. Paskazia akasusa, akaondoka na vitumbua vyake. Nkwabi ndiye aliyesema taratibu, "Mvua imenyesha, mtani. Kesho kutwa narudi kulima. Huku sirudi mpaka baada ya mavuno."

"Basi utasikia baada ya mavuno. Muuaji hakimbii, yumo humu."

Tukacheka. Nkwabi hakucheka, na mie sikulitilia maanani.

Asubuhi yake mkono wa cherehani haupo! Ule wa kuzungushia, umechomolewa, na cherehani imebaki chuma cha kutazama tu. Dukani kwa Mhindi wakatuambia mpaka waagize Dar es Salaam, uje kwa gari moshi, na Idd itakuwa imeshapita. Zamoyoni alikaa kwenye kigoda, akawa anavihesabu vitambaa vya watu kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye rundo. Watoto wa watu walikuwa wapite siku ya Idd na matambara, na wazazi wao walishaleta vitambaa. Nani angemletea tena? Roho iliniuma, nikasahau hata kumgombeza.

Wale wasikilizaji wetu, badala ya kutupa pole, walifurahi! Mageni alitaka kutukamata wote, kuanzia na mie. Paskazia alituambia tukae mduara kila mtu aseme siri yake, na yake akaanza kuisema bila kuulizwa. Nkwabi aliinama akitazama nyayo barazani, akasema zimechanganyika mno, haiwezekani.

"Bwana Mchuzi angeuliza jana mlikula nini," akasema Zamoyoni.

"Ramadhani hii!" nikamfokea. "Nani kala nini mchana? Kwa hesabu hiyo tumeiba sote."

Akaniangalia. Nikaona macho yake yamepata uhai. "Mama Mwasiti," akasema, "leo wote wafuturu kwetu. Chinja kuku."

Kuku mwenyewe ni wangu, tena anataga! Nikachinja. Magharibi mkeka ukajaa, uji, viazi vitamu, mchuzi umekolea. Mageni alikula huku amemkazia macho kila mtu, akajipaka mchuzi mpaka sikioni. Paskazia alirudia sahani. Nkwabi, mtu anayemaliza bakuli akauliza kama kuna jingine, alikuwa na kipande cha kiazi anakiviringisha vidoleni.

"Mtani," akaita Zamoyoni, "mchuzi unaonaje?"

"Mtamu."

"Umeuonja saa ngapi?"

Nkwabi akaingiza mkono ndani ya shuka lake, akautoa mkono wa cherehani, akaulaza mkekani.

"Nimekukamata!" Mageni akaruka, bakuli likapinduka.

"Kaa chini," Zamoyoni akamwambia. "Huyu ni mtani wangu. Mtani akichukua chako hajaiba, anangoja ukigomboe. Laiti na Ulaya wangekuwa na watani, kitabu hiki kingekuwa kifupi." Mageni akakaa, maskini, machozi yanamlenga. Zamoyoni akamgeukia Nkwabi. "Haya, unataka nini?"

"Muuaji," akasema Nkwabi. Lile jitu likaanza kulia mbele yetu, bila kujificha. "Mzee ananiambia kila siku, sifi mpaka nijue nani aliyemuua yule tajiri. Mavuno hatayafikia, mtani. Nitamrudia mikono mitupu?"

Basi taa ikawashwa, kitabu kikafunguliwa. Alikuwa daktari, hakumaliza supu yake. Mageni alipiga makofi pingu zilipotajwa, Paskazia akapata siri zake zote, na Nkwabi akaondoka akirudia njiani, "Daktari, daktari," asije akasahau. Zamoyoni alishona, mie nikazungusha mkono, na siku ya Idd hakuna mtoto aliyekosa nguo.

Baada ya mavuno Nkwabi akaja na ng'ombe. Moyo ukanipasuka, nikajua nampa pole ya msiba.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma chao, kuniita mama.

"Mwadila, baba. Na mzee?"

"Yupo. Anadai chakula."

"Alhamdulillahi! Na ulipomwambia ni daktari alisemaje?"

Nkwabi akatazama miguu yake. "Sijamwambia. Nilifika akanishika mkono, akasema, haya, sema. Nikafungua mdomo. Nikaona akishajua hana tena cha kungojea. Nikamwambia, baba, limetokea jambo, kuna nyumba ya pili. Tangu siku hiyo Bwana Mchuzi anazunguka Ulaya nzima anakula. Mzee anakasirika, anasema mpelelezi gani huyu, mjinga, lakini asubuhi anaamka kuuliza." Akamgeukia mume wangu. "Sasa nyumba zimeniishia, mtani. Nipe nyingine."

Zamoyoni akakigeuza kile kitabu, akatazama jalada la nyuma, akanitazama mie. Kitabu kilikuwa kimekwisha.

Nikauweka ufagio ukutani. "Kaa, baba," nikamwambia Nkwabi. "Yule tajiri alikuwa na shangazi. Alikuja mazishini na hakugusa chakula. Kwanza Bwana Mchuzi amuulize kwake walipika nini."