Loisi, Msoma Vifo wa Tunduma

Msinichekeshe! Leo watu wa Tunduma wanajidai wanampenda Loisi, wakati mimi Samwel, fundi mitambo wa redio yetu tangu siku ya kwanza, niliona kwa macho yangu walivyokuwa wakimkimbia.

Redio ilianza mwaka 2008, nyuma ya duka la spea la mzee Abdulwahab. Studio ilikuwa stoo ya matairi. Kuta tukazipigilia magodoro ili honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka zisiingie hewani. Zikaingia tu. Abdulwahab alitaka muziki na mpira, lakini wiki haijaisha watu wakajaa dukani na habari za misiba: fulani wa Mlowo amefariki, maziko kesho, ndugu zake wa Iyula wapate taarifa. Nani asome? Watangazaji wetu walikuwa vijana wenye sauti za disko. Akabaki Loisi, binti wa wakulima wa kahawa, aliyeajiriwa kupokea wageni. Sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, isiyo na haraka.

Akasoma vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Akiuliza bei ya nyanya sokoni, muuzaji anashtuka: "Yesu wangu, nani tena?" Wakambandika jina, Loisi Vifo. Kuna mchumba alikuja hadi kwao. Mama wa kijana huyo, aliyekuja naye, aliposikia ile sauti ikimkaribisha, akaaga kabla ya chai! Loisi akaja kazini macho mekundu, akamwomba Abdulwahab ampe kipindi kingine chochote, hata cha mapishi.

"Mwanangu," mzee akajibu, "nani atasoma misiba kama wewe?"

Nilitamani kumrushia spana.

Siku moja wasamaria wema wakatuletea bibi mmoja. Alikuwa akienda Mlowo kwa mwanawe Raphaeli kumwona mjukuu mchanga, akasinzia garini, akapitilizwa hadi Tunduma. Nyumba ya mwanawe haijui, namba ya simu hana. Tukasema kazi rahisi hiyo, Loisi atamtangaza. Loisi akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Unaitwa nani, nikutangaze?"

Bibi akaruka kitini kama aliyekalia siafu. "Ni wewe! Sauti hiyo naijua! Usinitaje! Ukinitaja wewe watu wangu wataanza kulia, hata hawatasikiliza mpaka mwisho!"

Sisi tukacheka. Loisi hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba dakika ile alikuwa ameshaamua kuacha kazi. Lakini akamtazama yule bibi, akaona ameogopa kuliko yeye alivyoumia. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe studioni, akamsogezea maiki.

"Haya bibi, sikutaji. Jitaje mwenyewe."

Bibi akakohoa, kisha akapaza sauti kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde: "Raphaeli wee! Ni mimi mama yako. Sijafa! Niko Tunduma kwenye redio, nimekaa na huyu binti wa misiba. Hajanitaja! Amenipa chai na maandazi. Njoo unichukue, na mke wako asilie!"

Weee! Mji mzima ulicheka, hadi madereva wa Zambia wakaulizana kulikoni. Abdulwahab alikuja mbio kutoka dukani akifuta machozi ya kicheko. "Loisi," akasema, "kuanzia Jumamosi wazee waje wajisemee wenyewe. Kipindi ni chako." Loisi akaitikia tu. Alikuwa bado anamwangalia bibi.

Jioni Raphaeli akafika na gari la kukodi. Bibi akapanda, kisha akashuka tena, akarudi hadi kwa Loisi na kumshika mashavu kwa mikono miwili.

"Binti yangu, siku yangu ikifika, wale vijana wa kelele wasinitaje. Nitaje wewe. Wewe unamtaja mtu kwa heshima."

Loisi akamkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja. Kipindi cha wazee alikipokea, na misiba akaendelea kuisoma. Hakuomba tena kuondolewa.